Kuhesabu, Si Kusoma

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na paka amerudi. Sisi huku tu wazima. Baba amegombana tena na redio. Anadai msomaji wa habari hushusha sauti makusudi akifika sehemu ya maana. Mapacha wa dada wameota meno wiki moja na wote wawili wakamng'ata wiki hiyo hiyo. Mama anakusalimu, na anauliza kama bado unayo ile sufuria yake kubwa ya chuma. Amesisitiza nisiandike kwamba anaidai.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe mwenyewe ulisema sikio lako la kulia lilistaafu kabla yako, na simu ya ofisini kwetu iko kati ya watu wawili ambao huacha kuchapa nikianza kuongea.

Ndiyo, nina ofisi. Nimepata kazi ya ukarani katika Kitengo cha Takwimu za Utafiti, pale pale Chuoni ulipofanya kazi miaka kumi na tisa. Mkataba ni wa miezi sita. Kazi yenyewe ni hii: msomi akichapisha makala, na wasomi wengine wakaitaja katika makala zao, sisi tunahesabu mara ngapi imetajwa. Ukutani kuna ubao mkubwa wenye majina ya maprofesa, yamepangwa kama timu za ligi, kuanzia kileleni mpaka wanaochungulia kushuka daraja. Kila Ijumaa maprofesa huja kuazima stepla. Ijumaa iliyopita walikuja sita, wakasimama mbele ya ubao, wakaondoka bila stepla.

Anayeongoza ubao ni Mkemia, yule uliyekuwa ukimwoshea chupa za maabara. Chuo kinataka kumpa Tuzo ya Mtafiti Anayetajwa Zaidi na kuliita jengo jipya kwa jina lake. Mimi ndiye niliyepewa kuandaa faili. Mwisho wa faili pameandikwa "Nimehakiki", na chini yake ni saini yangu. Unanijua, shangazi, hata daftari la wageni nasaini kwa penseli.

Ni mtu wa namna gani? Akipita kwenye korido mimi hupumua akishamaliza kupita.

Mwanao, Kifaranga

*

19 Februari

Kifaranga wangu,

Marahaba. Goti limetulia. Paka hajarudi, na nimeanza kumwelewa. Mwambie mama yako sufuria ipo, ina afya nzuri kunishinda mimi, na isiyodaiwa haina haja ya kuuliziwa. Baba yako mwambie atazame betri.

Hongera kwa kazi. Vaa sweta, majengo yale yana baridi ya ndani kwa ndani, hata nje pakiwa na jua.

Umeniuliza Mkemia ni mtu wa namna gani. Ni mrefu. Hapendi dirisha liachwe wazi. Zaidi ya hapo sina, kwa maana miaka kumi na tisa nilichomwona zaidi ni mgongo.

Hiyo makala inayotajwa sana ni ipi? Kama ni ile fupi ya kurasa mbili, ya dakika saba, basi uhesabu polepole.

Nimepanda vitunguu. Vimeota upande mmoja tu wa bustani, kama nywele za mjomba wako.

Shangazi yako

*

2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Betri zilikuwa ndizo. Baba amekataa kukiri, ila sasa husikiliza habari akiwa ametazama kando. Mapacha wameanza kutambaa, kila mmoja kuelekea kwake, na dada hana miguu minne.

Umejuaje kuwa ni ile ya dakika saba? Ndiyo hiyo. Naomba nikueleze vizuri, maana hapa sina wa kumweleza.

Mkemia ana makala mia mbili kumi na nne. Kwa jumla zimetajwa mara elfu moja arobaini na tatu. Nilipozichambua nikakuta hivi. Mia sita kumi na moja zote ni za makala ile moja fupi. Zimebaki mia nne thelathini na mbili, na kati ya hizo, mia tatu tisini ni yeye mwenyewe anajitaja. Yaani makala mia mbili kumi na tatu zimepata watu wa nje arobaini na wawili, wengi wao wanafunzi wake. Kuna mmoja aliyeandika tasnifu juu ya ufugaji wa nyuki na akamtaja mara nne.

Basi nikasema, hii ya kurasa mbili lazima ni almasi. Nikaisoma. Inasema kwamba vimiminika viwili vya njano, vikichanganywa kwenye chupa, hupoteza rangi kwa dakika saba na kuwa kama maji, bila kichocheo chochote. Yaani bila kile kitu cha tatu ambacho wakemia hutia ili kuharakisha mambo. Inaonekana hilo lilikuwa ajabu kubwa.

Kisha nikafanya kosa. Nikaanza kusoma hao mia sita kumi na moja wanasema nini. Imenichukua siku kumi na moja, chakula cha mchana nakula kwenye meza ya kazi. Shangazi, mia tano tisini na wanane wanasema jambo moja: wamejaribu, imeshindikana. "Tulirudia mara arobaini, kimiminika kilibaki njano." "Tofauti na inavyodaiwa." Mmoja amejaribu tangu akiwa kijana na ameandika ya mwisho akiwa anastaafu, na bado njano. Kumbe anatajwa kuliko wote kwa sababu ndiye aliyewashinda wote kuamini.

Kibaya chajitembeza, ulizoea kusema. Lakini hiki kimetembezwa na watu mia tano tisini na wanane.

Ulikuwa maabara mwaka ule. Ilitokea kweli? Uliiona?

Kifaranga

*

30 Machi

Kifaranga,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya vitunguu.

Mimi sijui kemia. Niliosha chupa, nikazipanga, nikaenda nyumbani. Usinitie katika habari za watu wakubwa.

Hao walioshindwa, wameandika chupa zao ziliwekwaje safi? Nauliza tu.

Mama yako asinitumie watu kuulizia sufuria. Dada yako alinipigia Jumapili, sikusikia neno ila "sufuria".

Shangazi

*

8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima, isipokuwa mimi.

Nimeangalia, kwa kuwa uliuliza. Wote wanaandika kwamba vyombo vilikuwa safi kabisa. Wengine wameeleza kwa aya nzima namna walivyovisuuza. Sikuelewa kwa nini ulitaka kujua, na nilipoisoma barua yako mara ya tatu niliona kwamba hukujibu swali langu hata moja. Sisemi kwa ubaya.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Kitengo. Nilijipanga nje ya mlango mpaka mfagizi akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikaingia, nikamwonyesha karatasi zangu, nikamwambia kwa adabu zote kwamba nambari ni kweli lakini maana yake si ile inayodhaniwa. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alichukua fomu ya tuzo, akanionyesha safu moja tu iliyoandikwa "Idadi".

"Unaona hapa pameandikwa kusifiwa?"

"Hapana, mkuu."

"Pameandikwa kutukanwa?"

"Hapana."

"Basi. Wewe umeajiriwa kuhesabu, si kusoma."

Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, mkataba wangu unaisha lini. Anaijua tarehe, ndiye aliyeiandika.

Natakiwa kusaini ifikapo tarehe 6 Mei. Nikisaini, nimehakiki kwamba mtu huyu ni bora kwa sababu ameshindikana. Nisiposaini, narudi nyumbani kusikiliza redio na baba. Siulizi tena juu ya maabara. Nimekuandikia tu kwa kuwa ndiye mtu pekee asiyenicheka nikiogopa, au ukicheka, unacheka kwa barua.

Kifaranga

*

12 Aprili

Mwanangu,

Sina salamu leo, zitakuja na barua nyingine. Yako imefika saa nne asubuhi na naijibu kabla sijaosha vikombe.

Nimeisoma ile kauli ya mkubwa wako. Nikaweka barua chini, nikaenda nje, nikang'oa vitunguu ambavyo havijakomaa. Kisha nikarudi. Sasa nisikilize.

Mwaka ule sabuni ya maabara iliisha. Kuomba nyingine ilibidi fomu yenye saini tatu. Mwenye saini ya pili alikuwa likizo. Chupa zilikuwa zimejaa sinki, na Mkemia alikuwa akisimama mlangoni kuuliza kama nimelala. Basi nikafanya tunavyofanya jikoni sabuni ikiisha. Nikachukua majivu ya mkaa, nikayachemsha, nikayachuja kwa kitambaa, nikaoshea chupa maji ya majivu. Yanakata mafuta kuliko sabuni yao. Nilichemshia katika sufuria ya mama yako. Niliiazima kwa siku mbili.

Juma lile na maji yalikuwa yamekatika. Nilikuwa na beseni moja. Nikasuuza mara moja tu.

Jumatano njano ikapotea. Ilipotea kweli, mwanangu. Niliiona kwa macho yangu haya, na yule mtu mrefu alikishika kiti kama mgonjwa. Akaandika kurasa mbili mchana ule ule. Bila kichocheo, akasema. Kichocheo kilikuwa kimeganda ukutani mwa chupa, ukoko mwembamba wa majivu ambao hata mimi sikuuona.

Mwezi uliofuata sabuni ikaja. Njano haikupotea tena, kwake wala kwa mtu mwingine. Akajaribu wiki nzima. Mimi ndiye niliyejua nini kimebadilika chumbani mle: sabuni. Nikavua aproni, nikaenda mlangoni kwake, nikamwambia bwana, nadhani ni majivu. Hakugeuka. Akasema, "Wewe umeajiriwa kuosha, si kufikiri."

Basi nikaosha. Miaka kumi na mmoja zaidi nilimwoshea, safi, nikisuuza mara tatu, ili asiione tena ile dakika ya saba mpaka aingie kaburini. Hilo ndilo nililolificha, si majivu. Watu mia tano tisini na wanane wamepoteza miaka yao kwa sababu mwosha chupa alinuna.

Sufuria sikuirudisha kwa sababu kila nikiishika nilikuwa mtu aliyepatia jambo.

Usitaje jina langu popote. Au litaje. Amua wewe, mimi nimechoka kuamua. Lakini ukisaini, saini ulichosoma.

Shangazi yako

*

20 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na salamu za barua iliyopita nakudai. Mama nimemweleza habari za sufuria. Alisema, "Siku mbili," na jioni akasema tena, "Siku mbili."

Nimesaini. Chini ya fomu kuna nafasi ya mistari miwili iliyoandikwa "Maelezo, kama yapo". Watu wa zamani wa ofisi wanasema tangu fomu ianze haijawahi kuwa na maelezo. Niliandika kwa penseli kwanza: "Idadi ni sahihi. Kati ya 611 waliotaja, 598 wanasema haikuwezekana. Nimesoma wote." Nikakaa nayo. Kisha nikapitisha kalamu juu ya penseli, herufi kwa herufi. Neno "wote" limeandikika kama limeandikwa garini.

Hakuna aliyesoma. Fomu ilipita meza nne na mistari yangu ikiwa wazi kama dirisha. Katika hotuba Mkuu wa Chuo alisema hakuna makala ya hapa iliyowashughulisha wanasayansi wengi kiasi hicho, na nilishindwa kupata kosa katika sentensi ile. Mkemia alipokea ngao. Alikuwa akitazama mikono yake.

Aliyesoma ni mmoja tu, Mkuu wa Kitengo, tena siku tatu baadaye, alipokuwa akitafuta mahali pa kugonga muhuri. Nimepewa barua. Mkataba wangu hautaongezwa, sababu: "anasoma wakati wa kazi".

Nimelia kidogo chooni, si sana. Halafu nikafanya jambo ambalo nakuomba ulikubali au ulikatae. Nimechapa barua yako ya Aprili, ile sehemu ya majivu tu, ya kununa nimeiacha. Nimeibandikia ukurasa wa mbele uelekee kwenye lile jarida lililochapisha kurasa mbili. Wana sehemu ya barua za wasomaji. Wanahitaji jina la mwandishi, saini, na anwani ya kazi. Kwenye anwani nimeandika "Chumba cha Kuoshea, Maabara ya Kemia". Bahasha imo humu, stempu nimebandika. Usipoituma sitauliza.

Kifaranga

*

11 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Hujaandika miezi sita na sikuuliza, kama nilivyoahidi. Mapacha wanatembea. Baba amenunua redio mpya na kuipa lawama zile zile.

Ulituma. Nimeona.

Mwisho wa Julai nilikabidhi funguo na stepla. Katikati ya Agosti Mkuu wa Kitengo alikuja nyumbani kwetu mwenyewe, akaketi karibu na redio, akakataa chai mara mbili na kuinywa mara ya tatu. Barua yako ilikuwa imetoka mwezi Julai. Watu wa kwanza walicheka. Kisha wakachemsha majivu, na njano ikapotea, dakika saba. Shangazi, hakuna anayeandika haraka kama msomi aliyeambiwa kwa nini alishindwa miaka thelathini.

Mpaka jana umetajwa mara hamsini na mbili. Na kila anayekutaja wewe hana budi kutaja kurasa mbili za Mkemia, kwa hiyo nazo zimepanda hadi mia sita sitini na tatu. Chuo kimepanda ngazi nne katika orodha ya vyuo. Mkuu aliniambia Kitengo kinahitaji mtu "mwenye mazoea ya kusoma". Alilitamka neno hilo kama dawa chungu. Nimepewa mkataba wa miaka miwili.

Sasa linakuja lililoniandikisha barua hii. Kanuni yetu ya ubao haiangalii jumla, inagawanya: mara alizotajwa mtu, kwa idadi ya makala zake. Kwa jumla ya sasa Mkemia anapata tano na ushee. Wewe una makala moja, maana kwetu barua ya jaridani nayo huhesabiwa makala. Unapata hamsini na mbili. Anwani yako ni ya Chuo. Nimehesabu mara tisa, nikaomba na wenzangu wahesabu. Hakuna kifungu kinachosema mtafiti lazima awe profesa, wala kwamba asiwe amestaafu.

Ijumaa maprofesa walikuja kuazima stepla wakakuta jina lako kileleni. Walisimama muda mrefu. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu ni wa idara gani?" Nikasema, "Kemia." Nikampa stepla.

Naambatisha fomu ya tuzo ya mwaka ujao. Makumbusho ya Chuo yanaiomba sufuria. Mama anasema kwanza irudi kwake, walau siku mbili.

Kifaranga

*

9 Desemba

Kifaranga wangu,

Marahaba, marahaba ya miezi sita. Goti limeanza upya. Paka amerudi, mnene, na haelezi alikokuwa. Vitunguu vilivyosalia nimevivuna.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa namngoja mtu, bila kujua kama atakuja. Alikuja Jumanne iliyopita. Ni mrefu bado, ila sasa amepindia mbele. Alikuwa na chupa ya maabara amezungushia gazeti, na chupa ndogo mbili za vile vimiminika vyake. Alisema hodi kama mtu wa kawaida. Alikalia kile kiti kinachoyumba, sikumwonya.

Tukaulizana afya. Kisha akasema, "Ulikuwa unajua siku zote?"

Nikamwambia nilikwenda mlangoni kwake.

"Nikasemaje?"

Nikamtazama. Hakuwa anafanya ujanja. Amesahau, mwanangu. Miaka thelathini nimeitunza sentensi ile kama watu wanavyotunza hati ya shamba, na mwenyewe aliiacha pale pale alipoisema. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi siku ya kumrudishia. Nikaona nikimwambia ataomba radhi, na nitabaki mikono mitupu.

Nikamwambia, "Ulisema una kazi nyingi."

"Hilo naweza kusema," akasema.

Majivu yalikuwepo. Nilimchemshia katika sufuria hiyo hiyo, nikamwekea beseni, nikampa chupa aoshe mwenyewe. Hajui kuosha. Anashika chupa kana kwamba inamwuma. Nikamwambia asuuze mara moja, asirudie, na alipotaka kurudia nikamshika mkono. Tukachanganya, tukakaa, tukatazama saa ya ukutani. Dakika ya tano akaanza kuhangaika. Nikamwambia atulie. Ya saba, njano ikaondoka.

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Kisha akatoa daftari, akaniuliza majivu ya mkaa wa mti gani, nilichemsha kwa muda gani, kitambaa kilikuwa cha namna gani. Nikamjibu. Akaandika, akinirudisha nyuma pale alipokosa neno. Ndiyo mara ya kwanza mtu yule kuandika nililosema.

Fomu nakurudishia. Penye "fani" nimejaza kuosha. Penye "idadi ya makala" nimejaza moja. Penye "Maelezo, kama yapo" nimeandika kwamba karani aliyesoma wote atajwe pamoja nami. Nimesaini kwa kalamu, bila penseli chini yake, ujifunze.

Sufuria mpelekee mama yako. Inakuja na mjumbe huyu huyu wa barua, asiiazime mtu.

Mkemia alisahau chupa yake hapa. Nimeiosha kwa sabuni, nikasuuza mara tatu, nikaiweka dirishani, nimeliacha wazi.

Shangazi yako